Shajara ya kurudi: kuifunga safari ya pikipiki hadi Cape Agulhas

Jumapili, siku ya kufika

Nimefika jioni. Mizigo bado imefungwa kwenye pikipiki. Odometa inadai zaidi ya kilomita 13,000 tangu nilipoondoka, GPS inadai pungufu kidogo, na mimi naiamini GPS. Tairi likilika duara lake hupungua, gurudumu huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na odometa haijui kingine ila kuhesabu mizunguko.

Shajara ya barabarani niliifunga mpakani Songwe, nilipoingia Tanzania kutoka Malawi. Hii ni nyingine. Nimeianza kwa sababu ya jambo ninaloliona kwa wenzangu wa safari za namna hii: watu hupanga kuondoka kwa mwaka mzima, wasipange kurudi hata kwa jioni moja. Mtu akishafika, mabegi yanatupwa pembeni, pikipiki inafunikwa turubai, karatasi za forodha zinaingia kwenye droo. Nusu mwaka baadaye betri imekufa, petroli imechacha tangini, na klabu ya wenye magari iliyompa karneti, yaani kijitabu cha forodha cha pikipiki, inamwandikia barua. Nataka kurudi kwangu kuwe na orodha ya kazi, na orodha hiyo iwe na mwisho.

Kwa asiyeijua njia: nilishuka kwa Tunduma na Nakonde, nikafuata Great North Road ya Zambia, kisha Livingstone, nikavuka Zambezi pale Kazungula, nikaikata Botswana kutoka kaskazini hadi kusini, halafu Afrika Kusini mpaka ncha ya bara. Kurudi nilipanda na upande wa magharibi: Namibia yote, ukanda mwembamba wa kaskazini mashariki mwake, Zambia tena, kisha Malawi kando ya ziwa.

Leo sifanyi kazi yoyote. Nimefungua begi moja tu, la nguo za mvua, maana zilikuwa bado mbichi.

Jumatatu

Dada yangu, ndiye aliyekaa na funguo za nyumba, kaja asubuhi. "Haya kaka, kulikuwaje?" Nikaanza. Sijafika hata Lusaka, akaniambia bomba la jikoni linavuja na barua zangu ziko juu ya friji.

Simlaumu. Nimeshapokea simu kadhaa tangu jana na zote zimekwenda hivyohivyo. Swali la "kulikuwaje" lina nafasi ya dakika mbili, na anayeuliza anataka kujua kama uko salama. Kwa hiyo nimejiandalia hadithi moja ya dakika mbili, ya daraja la Kazungula. Lina urefu wa mita 923, lilifunguliwa Mei 2021, na limepinda katikati ya mto. Limepindishwa ili lisiguse eneo la Zimbabwe, maana pale nchi nne zinakaribiana mno: Zambia, Botswana, Zimbabwe na Namibia. Kabla ya daraja palikuwa na pantoni, na malori yalipanga foleni kwa siku kadhaa. Mimi nililivuka kabla wimbo mmoja haujaisha kichwani. Watu wanaipenda hiyo. Wanacheka, wanaridhika, tunahamia kwenye mambo mengine.

Hadithi ambayo haiuziki ni ya mwisho wenyewe wa safari. Wengi wanadhani ncha ya kusini ya Afrika ni Rasi ya Tumaini Jema. Siyo. Ni Cape Agulhas, mbali zaidi kusini mashariki, na hapo ndipo mstari wa longitudo ya digrii 20 Mashariki unapotenganisha rasmi Bahari ya Hindi na Atlantiki. Pana kibao, mawe, upepo, na maji ambayo kwa macho ni yaleyale kulia na kushoto. Nilipiga picha, nikangoja familia moja ipige zake, nikaondoka. Ukweli ni kwamba nilisisimka zaidi siku niliyogeuza pikipiki kuelekea kaskazini na kuiona jua upande usio wa kawaida wa kofia.

Jumatano: karatasi

Kazi ya kwanza kwenye orodha, na ndiyo inayoweza kuniuma mfukoni.

Karneti ni kijitabu cha forodha kinachomruhusu mtu kuingiza chombo nchini kwa muda bila kulipa ushuru. Msingi wake ni mkataba wa New York wa 1954, na hutolewa na vyama vya wenye magari kwa dhamana ya fedha. Kila ukurasa una vipande: kimoja hukatwa unapoingia, kingine unapotoka, na kishina kinabaki kitabuni na mihuri yote miwili. Muhuri wa kutoka ukikosekana, kwa forodha ya nchi ile pikipiki yako bado iko kwao, pengine umeiuza. Ushuru watamdai aliyetoa karneti, naye atauchukua kwenye dhamana yako. Kitabu kinadumu mwaka mmoja tu.

Kwa nchi nyingi za njia hii kibali cha muda cha mpakani kingenitosha. Nilichukua karneti kwa ajili ya kusini, na kwa uvivu wangu wa kujaza fomu.

Leo nimekaa na kitabu na kioo cha kukuzia, ukurasa kwa ukurasa. Uliohitaji uangalifu ni wa Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika, ambao umekuwepo tangu 1910. Botswana, Namibia, Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini zinahesabiwa kama eneo moja la forodha. Unagongewa kuingia kwenye nchi ya kwanza na kutoka kwenye nchi ya mwisho, basi. Mimi niligongewa kuingia upande wa Botswana na kutoka upande wa Namibia, karibu na Katima Mulilo. Katika mpaka mmoja wa ndani afisa kijana alikuwa ameshainua muhuri wake. Nilimwomba kwa heshima amuulize mkubwa wake kwanza. Angegonga, ukurasa ungeonekana umefungwa huku mimi nikiwa bado ndani ya umoja, na leo ningekuwa naandika barua za maelezo badala ya shajara.

Mihuri yote ipo. Kilichobaki ni forodha ya huku kuiona pikipiki kwa macho, kulinganisha namba ya fremu na kuthibitisha imerudi, kisha kitabu kiende klabu.

Bima ni fupi. Kadi ya Njano ya COMESA ilinifaa Zambia na Malawi, na muda wake umeisha wenyewe. Afrika Kusini na Namibia fidia ya majeruhi wa barabarani hutoka kwenye mfuko unaochangiwa na tozo ya mafuta, kwa hiyo kila nilipojaza tangi nilikuwa nachangia bila kujua ninamchangia nani.

Jumamosi: gereji

Hii ndiyo siku niliyoingoja.

Fundi wangu si msemaji. Hakuniuliza kulikuwaje. Aliizunguka pikipiki mara moja, akachuchumaa nyuma, akapitisha kiganja juu ya tairi.

"Kaka, hapa ulikuwa na lami ndefu, imenyooka, na mzigo."

Tairi la nyuma limekuwa bapa katikati, ila kingoni vinundu vya mpira bado vipo kama lilivyotoka dukani. Hiyo ni Botswana. Kutoka Kasane hadi Nata ni kama kilomita 300, na kona za kuhesabu huna. Unachokifanya ni kuangalia vichaka vya pembeni, kwa sababu tembo wanavuka wanapotaka. Tembo mkubwa akisimama kwenye kivuli cha mti, rangi yake na ya kivuli ni moja, nami niliwahi kumpita mmoja karibu sana kabla akili haijaniambia nimeona nini.

Akaja mbele. Akaweka jeki chini ya injini mpaka gurudumu likaning'inia, akashika hendo na kuizungusha taratibu kushoto na kulia. Ilipofika katikati ikanasa kidogo, kama droo yenye kasoro, kisha ikapita. Akarudia, akanipa niishike mwenyewe.

"Beringi za shingo. Ulinyoosha hendo muda mrefu, chini panapigwa."

Maelezo yake ni haya. Ndani ya shingo ya fremu kuna beringi zinazobeba hendo. Kwenye barabara yenye kona zinazunguka, na mapigo yanasambaa kwenye duara lote. Ukienda umenyooka kutwa nzima juu ya njia mbaya, vigololi vinapigiliwa palepale mpaka vinachimba vishimo. Baadaye kila hendo ikifika katikati inatumbukia kwenye vishimo hivyo, na pikipiki inakataa kwenda moja kwa moja bila kuyumba. Nami nilikuwa nimeiona hiyo hali tangu kaskazini mwa Namibia, nikaiita uchovu wangu.

Barabara za changarawe za Namibia ni pana, zinachongwa mara kwa mara, na bado zinajaa yale matuta madogo yaliyojipanga. Nikamwambia fundi nilichowahi kusoma: mwaka 2007 wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine waliweka gurudumu, ndani ya maabara, juu ya kitanda cha mchanga kinachozunguka, wakaonyesha kwamba mwendo ukipita kiwango fulani matuta hujitokeza yenyewe. Si lazima gari liwe na springi, si lazima tairi liwe la aina fulani. Na kiwango hicho ni kidogo mno kiasi kwamba hakuna dereva atakayevumilia kukaa chini yake safari nzima.

Akafikiri. "Kwa hiyo anayelalamika ndiye aliyeyachimba."

Ndiyo, na mimi nikiwamo.

Aliendelea hivyo kwa saa nzima, akisoma. Filta ya hewa ilikuwa na vumbi la rangi mbili, jekundu juu na jeupe chini yake. Spoki za upande mmoja zilikuwa na kutu changa, akauliza kama nililala pwani. Nililala, Swakopmund, ambako mkondo baridi wa Benguela huleta ukungu wenye chumvi alfajiri nyingi, na pikipiki ilikuwa nje. Pedi za breki ya nyuma zilikuwa zimekwisha kuliko za mbele, jambo lisilo la kawaida, akataka kujua niliteremka wapi. Nikamwambia Chiweta, kaskazini mwa Malawi, barabara inaposhuka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa mpaka usawa wa ziwa. Pale nilikuwa na mzigo, na mguu wangu wa kulia ulikaa juu ya breki muda mwingi.

Sijawahi kusimulia safari vizuri hivyo kwa mtu yeyote. Mpaka tunafunga gereji alikuwa ameipita njia yote, takriban kwa mpangilio wake, na mimi nilichofanya ni kutaja majina ya mahali.

Tumekubaliana: beringi za shingo mpya, tairi la nyuma, cheni pamoja na sproketi zote mbili (kubadilisha cheni peke yake ni kuipa cheni mpya meno ya zamani yaiharibu), filta, oili, pedi, maji ya breki. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakiwa na unyevu huchemka mapema, hasa kwenye mteremko kama ule. Keria ya mizigo ina ufa kwenye weldi ya kushoto. Ameusafisha, atauchomea upya na kuongeza kipande cha chuma.

Wiki ya pili: kazini

Nilimwomba bosi nianze Alhamisi badala ya Jumatatu. Kama kuna ushauri mmoja wa kuchukua humu, ni huo. Wiki ya kwanza inakuwa ya siku mbili, unapata picha ya rundo lililokungoja, halafu una Jumamosi na Jumapili za kulipanga kichwani kabla halijakulemea.

Rundo lilikuwa kubwa, lakini si ukubwa uliokuwa mgumu. Barabarani siku ilikuwa na maswali machache: mafuta yatanifikisha wapi, njia ikoje mbele, nitalala wapi. Jua likizama, yote yalikuwa yamejibiwa, vizuri au vibaya. Kesho yake yalizaliwa upya, kana kwamba jana haikuwepo. Kazini kwangu hakuna kinachozama na jua. Faili nililoliacha mezani ndilo nililolikuta, mtu kaongeza ukurasa, na litakuwa hapo mwezi ujao likiwa na kurasa zaidi. Ijumaa jioni nilijikuta nikitafuta kile kitulizo cha kuzima injini, na hakikupatikana.

Wenzangu wananiona mkimya, wakadhani nimechukia kurudi. Sijachukia. Kazi yangu naipenda, na kitandani kwangu nalala vizuri kuliko kwenye hema lolote. Ni kwamba kwa majuma mengi nimezoea siku yenye ukingo, na sasa nina siku zinazomiminikiana. Ninachojaribu ni kuchagua asubuhi jambo moja la kuisha siku hiyohiyo, hata dogo, liishe kabisa. Jana lilikuwa bomba la jikoni.

Watu kadhaa wameshaniuliza safari ijayo ni wapi. Silijibu kwa sasa. Naona ni njia rahisi ya kukwepa hii: unafungua ramani usiku, unachora mstari mwingine, na karneti ya kwanza bado iko mezani.

Wiki ya tatu: mwili

Vidole viwili vya mkono wa kulia, kidogo na cha pete, vilikuwa na ganzi tangu Afrika Kusini. Daktari ameniambia ni neva inayopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo. Imebanwa na mtetemo na uzito wa kuegemea hendo. Kwa sababu nguvu ya kushika haijapungua, anatarajia itarudi yenyewe. Imeanza. Kwanza vilichoma kama sindano, sasa vinawasha tu, naye anasema huo ni mwelekeo mzuri.

Masikio yako salama, na hilo nalishukuru zaidi. Ndani ya kofia, kwa kilomita 100 kwa saa, kelele ya upepo hupita desibeli 90, hata kama kofia ni ya bei. Nilivaa viziba masikio kila siku, na wenzangu njiani walionicheka kwamba sitasikia honi hawakujua kuwa vinapunguza ule mvumo na honi bado inasikika.

Kinachobaki ni kichocho. Nilioga katika Ziwa Nyasa, zaidi ya mara moja, na ningeoga tena, lakini ziwa lile linajulikana kwa kichocho hasa kwenye ghuba zenye majani ambako konokono wake huishi. Vijidudu hupenya ngozi bila kuuliza. Nilitaka kupimwa mara moja na daktari akakataa: kipimo cha mapema kinaweza kusema huna wakati unao, kwa sababu mwili haujatengeneza kinga za kuonekana na minyoo haijaanza kutaga. Dawa nayo, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa na kuwaacha wachanga. Kwa hiyo nangoja. Wiki 6 hadi 12 tangu kuoga mara ya mwisho, ndipo nirudi. Imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani, dada yangu ameizungushia duara.

Picha

Nakala tatu, mbili nyumbani kwenye vifaa tofauti, moja kwa dada. Nimefuta zaidi ya nusu.

Nilipozipanga nimeona kitu: hakuna picha hata moja ya barabara ya Nata, wala ya changarawe kaskazini mwa Namibia, wala ya Chiweta. Kote huko mikono ilikuwa na kazi. Picha zinaonyesha niliposimama, vyuma ndivyo vinavyoonyesha nilikopita. Tairi la zamani fundi aliniuliza alitupe wapi. Nimelibeba.

Mwisho wa mwezi

Forodha wameiona pikipiki, wamelinganisha namba, wamegonga. Klabu imeandika kwamba kitabu kimepokelewa, kurasa zote zimefungwa na dhamana inaachiliwa. Barua ni ya mistari mitatu. Nimeisoma kwa makini kuliko kibao cha Agulhas.

Beringi mpya zimekaa. Nimeijaribu pikipiki bila mzigo wowote na nusura niipeleke mtaroni kwenye kona ya kwanza, kwa wepesi wake. Ilibidi nijifunze upya ni kiasi gani cha kuegemea. Mabegi ya pembeni nimeyaosha na, pamoja na keria yao, nimemwazima jirani ambaye anasafiri mwezi ujao. Amepewa kwa masharti mawili: ayafunge kwa mkanda wa ziada, na akirudi aniambie weldi imefanya nini.

Tangu Jumatatu naenda nayo kazini. Njia ina kona nyingi, kwa hiyo kingo za tairi jipya zimeanza kulika.

Yaliyobaki kwenye orodha: kipimo cha kichocho, spoki nne zenye kutu, na kumpelekea fundi ramani iliyochapwa. Anataka kuibandika ukutani gereji, na ameniagiza nisiandike chochote juu yake. Sehemu za kuwekea alama atazichagua mwenyewe.